Mgeni gani anakuja gemu gani? Tekken 8, Street Fighter 6, Mortal Kombat na Fatal Fury kwa mwenye hela ya gemu moja

Kama una hela ya gemu moja tu ya ngumi na kinachokuvuta ni wageni, yaani wale watu wanaotoka kwenye gemu nyingine au kwenye muvi wanakuja kupigana humu, usianze na orodha ya watu unaowatamani. Anza na swali moja: huyo mtu ni mali ya nani, na wenye gemu wana ukaribu gani na mwenye mali. Mimi haya mambo nayafuatilia kwa mapenzi kabisa na hilo swali linapatia mara nyingi kuliko trela feki, kuliko "kuna jamaa kavujisha", kuliko kura za mitandaoni.

Naandika hasa kwa washkaji wa huku kwetu, Mbeya, Iringa, Njombe, Mafinga, kwa sababu huku gemu hainunuliwi kwa kujaribu jaribu. Mtu kaweka pembeni hela ya viazi au ya parachichi msimu mzima, ananunua CD moja, na hiyo hiyo ndo atacheza yeye na wadogo zake na watoto wa jirani mpaka mwakani. Na nyie wenye vibanda, kuanzia Mafiati na Kabwe mpaka Uyole, ukiweka gemu ambayo watoto hawamjui mtu hata mmoja ndani yake basi hiyo TV imekufa, wote wanarudi kwenye mpira, ile mechi ya ngumi ya jero haichezwi.

Tuelewane kwanza mgeni ni nani. Mgeni ni mchezaji wa mkopo. Klabu inayomtumia haimmiliki, kuna mkataba, kuna muda, kuna anavyoruhusiwa kufanya na asivyoruhusiwa, na mwenye mali akisema basi ni basi. Angalia Jump Force ya 2019, ile iliyowakusanya kina Goku, Naruto na Luffy sehemu moja, gemu nzima imejengwa kwa watu wa kuazima, na Februari 2022 ikaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, miaka mitatu tu baada ya kutoka. Au muangalie Sora wa Kingdom Hearts, kwenye kura ya mashabiki ya Smash (gemu ya ngumi ya Nintendo) ya 2015 yeye ndo aliongoza, Sakurai mwenyewe, mkuu wa Smash, alikuja kulisema hilo baadae, lakini kaingia Super Smash Bros. Ultimate Oktoba 2021, mtu wa mwisho kabisa kuongezwa, maana nyuma ya Sora yupo Square Enix, kampuni ya Japani iliyotengeneza gemu yake, na mali yenyewe ni ya Disney. Miaka sita watu wanamlilia mtu mmoja. Smash yenyewe siiweki kwenye ulinganisho huu, Switch, mashine inayoichezesha, huku ni chache mno, ila hiyo habari ya Sora ishikeni.

Sasa kabla ya wageni angalia mashine uliyonayo, hapa ndo watu wanaumia. Tekken 8 (Januari 2024) na Mortal Kombat 1 (Septemba 2023) hazipo kabisa kwenye PS4. Hazipo, usidanganywe na mtu anayekuuzia CD yenye picha ya kuchapisha. Street Fighter 6 (Juni 2023) ipo PS4, Fatal Fury: City of the Wolves (Aprili 2025) ipo PS4, na wakubwa wao Tekken 7 na Mortal Kombat 11 zote zipo PS4. Vibanda vingi ninavyovifahamu Mbeya ni PS4, vingine bado PS3, kwa hiyo hapo hapo ulinganisho wako umeshapungua nusu kabla hujafungua mdomo.

La pili kuhusu CD. Mgeni mara nyingi hayumo kwenye CD. Anauzwa kwenye duka la mtandaoni na anakaa kwenye akaunti ya aliyemnunua, kwa hiyo ukichukua CD ya mtumba ya Mortal Kombat 11 ya kawaida pale Mwanjelwa usitegemee kumkuta Rambo ndani. Na CD ina kanda yake. Wengi wetu tunafungua akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini na kununua kadi za kuongezea salio, sasa ukiwa na CD ya Ulaya halafu akaunti ya Marekani, unamnunua mgeni, hela inakatwa, unarudi kwenye gemu haonekani. Chukua kasha uangalie alama ya umri pale mbele chini: ikiwa namba kama 12, 16 au 18 yenye neno PEGI hiyo ni ya Ulaya, ikiwa herufi T au M hiyo ni ya Marekani. Sekunde mbili tu, fanya hivyo kabla hujatoa hela.

Haya, twende nyumba kwa nyumba.

Mortal Kombat ndo nyumba inayotabirika kuliko zote, na ndo inayokaribiana na watu wetu zaidi. Studio ya NetherRealm iko chini ya Warner na ladha yao iko wazi tangu 2011: muvi za kutisha na muvi za mapigano ambazo mtu mzima alizikuta utotoni. 2011 walimleta Freddy Krueger, na kwenye PS3 peke yake wakamuweka Kratos. Mortal Kombat X ya 2015 ikaja na Jason, Predator, Leatherface na yule Alien. Mortal Kombat 11 ya 2019 ikaja na Terminator, Joker, Spawn, RoboCop na Rambo. Mortal Kombat 1 ikaja na Omni-Man, Peacemaker, Homelander, halafu Ghostface, Conan na T-1000. Ukimtoa Kratos aliyetoka kwenye gemu nyingine, ukiisoma hiyo orodha taratibu unaona makundi matatu tu: muuaji wa muvi ya kutisha, mbabe wa muvi za zamani, na shujaa wa katuni aliyeharibika tabia. Basi. Mtu ambaye hayuko kwenye kundi lolote hapo, mfano Goku ambaye kila mwaka kuna mtoto anabisha kwamba anakuja, huyo usimsubirie kwa hawa jamaa, damu na kukatana vichwa mwenye Goku hawezi kuridhia.

Sasa fikiria kibanda umiza. Watu wa huku tumekulia kwenye muvi za kutafsiriwa, Rambo na Terminator na Komando havihitaji utangulizi, babu anajua, mjukuu anajua. Nilikaa kwenye kibanda kimoja maeneo ya Soweto hapa Mbeya, baridi ya mwezi wa saba watu wote na makoti, mlango umefungwa nusu, na dogo mmoja alikuwa hajui hata kitufe cha kujikinga lakini alipoona uso wa Rambo kwenye orodha akasimama. Rambo kwenye Mortal Kombat 11 anapiga upinde, anatega mitego, analala chini anatambaa na kisu, na sauti ni ya Sylvester Stallone mwenyewe. RoboCop naye ni sauti ya Peter Weller, yule yule wa kwenye muvi. Lakini Terminator uso ni wa Schwarzenegger na sauti ni ya mtu mwingine, na hapo ndo unaelewa kwamba uso ni mkataba wake, sauti ni mkataba wake, na jina la muvi ni mkataba mwingine tena. Yule dogo alicheza Rambo mpaka mwenye kibanda akamwambia sasa mdogo wangu wapishe wenzio, na waliokuwa wanangojea mpira wakawa wamekuja kusimama nyuma yake wanamuelekeza.

Na kuna Van Damme, hii naipenda sana. Mortal Kombat ya kwanza kabisa, ya 1992, wazo lake lilianza na Van Damme, walimtaka yeye, ikashindikana, wakamtengeneza Johnny Cage kwa kumuangalia yeye. Mwaka 2023 kwenye Mortal Kombat 1 ndo akaja, na sura yake na sauti yake, ila kama vazi la Johnny Cage. Miaka 31. Kwa hiyo ukisikia fulani amekataa leo, haina maana amekataa milele.

Tatizo la Mortal Kombat 1 ni moja na ni kubwa: imefungwa. Mei 2025 wenyewe walisema hakuna watu wapya tena, wanaelekea kazi nyingine. Kwa hiyo kutabiri mgeni wa Mortal Kombat sasa ni kutabiri gemu inayofuata. Kwa hiyo gemu inayofuata mimi naweka hela kwa John Wick kabla ya mtu mwingine yeyote, maana ndo mbabe wa muvi wa kizazi hiki na anaingia sawasawa kwenye lile kundi la pili, halafu mmoja kati ya Michael Myers na Chucky kwa kundi la kutisha, na hapo Michael Myers namuweka mbele kwa sababu Chucky mfupi mno, kutengeneza mapigo yanayompata mtu wa kimo kile ni kazi nyingine kabisa. Ash wa Evil Dead simuweki. Jina lake lilizunguka sana kwenye uvujaji wakati wa Mortal Kombat 11, watu walikuwa na uhakika kabisa, na hakuja.

Hapo niseme kidogo kuhusu uvujaji maana nao ni sehemu ya kuchagua. Kuna uvujaji wa dukani na kuna uvujaji wa kuchimbua mafaili. Mwaka 2023 duka la Amazon la Italia liliweka orodha ya watu wa Mortal Kombat 1, Omni-Man, Homelander, Peacemaker, Quan Chi, Ermac na Takeda, na Julai mwaka huo huo ikathibitishwa yote. Duka linapandisha kitu ambacho kampuni imeshawatumia. Lakini jina lililokutwa ndani ya mafaili ya gemu linaweza kuwa wazo tu, mkataba ukavunjika, jina likabaki. Ash ndo mfano. Na yule anayesema "niamini mimi" bila kitu chochote mkononi huyo mpite kabisa, usimpe hata bando lako.

Tekken ni habari nyingine. Hawa Bandai Namco wageni wao wanatoka zaidi kwa majirani wa Japani. Tekken 7 ilikuwa na Akuma wa Street Fighter, Geese Howard wa Fatal Fury, Noctis wa Final Fantasy XV, na Negan wa The Walking Dead, huyo wa mwisho ndo aliwashtua watu, na wale wanaojaziwa siizi kwenye flashi huku wanamjua vizuri. Tekken 8 msimu wa kwanza ikaleta wenyeji watatu, Eddy, Lidia na Heihachi, halafu mwisho Desemba 2024 akaja Clive wa Final Fantasy XVI. Umeona? Capcom wenye Street Fighter mmoja, SNK wenye Fatal Fury mmoja, televisheni mmoja, Square Enix wenye Final Fantasy wawili. Msimu wa pili hakuna mgeni hata mmoja: Anna, Fahkumram, Armor King na Miary Zo.

Miary Zo sio mgeni lakini siwezi kumpita. Ni binti wa Madagaska, na anapigana moraingy, ngumi za kwao kabisa, za asili, watu wanazipiga uwanjani huku ngoma zinalia. Kwa gemu kubwa kama Tekken kuchukua mchezo wa ngumi wa kisiwa cha huku kwetu na kuutengenezea mapigo yake, mimi nilifurahi kuliko ningefurahi kwa mgeni yeyote wa muvi. Mwenye PS5 huku Mbeya amuangalie anavyocheza dansi katikati ya kombo, yaani mapigo yanayofuatana, halafu aje aniambie kama Noctis ana raha hiyo.

Ukitaka kutabiri Tekken, muweke Square Enix juu ya orodha, wameshakubali mara mbili na mlango uko wazi, kwa hiyo mtu kama Cloud au Tifa wa Final Fantasy VII au 2B wa NieR: Automata ana nafasi kuliko hao wa muvi. 2B namuweka juu kidogo kwa sababu alishakopeshwa kwa Bandai Namco hao hao, kwenye Soulcalibur VI ya 2018. Kiryu wa Yakuza kila mwaka anaombwa na kweli angependeza kupita wote, mtu wa mitaani, ngumi mkononi, hana upanga hana uchawi. Lakini uliza lile swali la mwanzo. Kiryu ni wa Sega, na studio iliyomtengeneza ndo hiyo hiyo imetangaza mwishoni mwa 2024 kwamba inatengeneza Virtua Fighter mpya. Ukiwa wewe ndo Sega, nyota wako unamtoa kwanza kwa mshindani au unamuweka nyumbani? Mimi Kiryu simtegemei Tekken kwa sasa.

Street Fighter 6 sasa, na huku nitakaa kidogo. Kwa miaka mingi gemu kuu za Street Fighter hazikuwa na mgeni, wote walikuwa wa kwao. Juni 2024 ndo wakatangaza mwaka wa pili: M. Bison, Terry, Mai, Elena. Terry Bogard na Mai Shiranui ni wa SNK, wa Fatal Fury, na hao ndo wageni wa kwanza kabisa kwenye gemu kuu. Terry aliingia Septemba 2024, Mai Februari 2025. Na wametengenezwa kwa heshima, hawajabandikwa tu. Terry ukipiga chini, chini-mbele, mbele, halafu ngumi, anapiga ardhi na lile wimbi linatembea chini chini kama ilivyokuwa kwenye mashine za zamani, ukikaa vizuri unamaliza na Buster Wolf, ngumi inaingia kwanza halafu mlipuko. Mai anarusha feni zake za mkononi, na zinaweza kuwaka moto. Mtoto asiyejua historia yoyote ya SNK anaelewa hapo hapo nini cha kufanya, na kuna ule mfumo wa vitufe rahisi unaoitwa Modern, pigo kubwa linatoka kwa kitufe kimoja na mwelekeo, kwa kibanda hiyo ni dhahabu maana mteja mpya haondoki amekasirika.

Na hawakupokea tu, walitoa. Ken na Chun-Li wakaenda Fatal Fury mwaka 2025. Kubadilishana. Hawa walishapigana pamoja kwenye Capcom vs. SNK ya 2000 na ya 2001, kwa hiyo ukaribu wao ni wa zamani, na ndo maana kutabiri mgeni wa Capcom sio kazi ngumu kihivyo, angalia wanadaiana na nani.

Hapo ndo utabiri wangu mkubwa. Mgeni anayefuata wa Street Fighter, mimi namuweka Kazuya Mishima wa Tekken. Sababu? Capcom walimtoa Akuma kwenda Tekken 7, na hawakumtoa kama pambo, aliingizwa mpaka kwenye stori, yeye ndo aliyepewa kazi na Kazumi, mama yake Kazuya, ya kuwamaliza Heihachi na Kazuya. Street Fighter X Tekken ya 2012 Capcom ndo waliotengeneza, na ile ya upande wa pili, Tekken X Street Fighter, iliyotangazwa 2010, haikutoka mpaka leo. Kwa hiyo Bandai Namco wana deni, tena la zamani. Na Kazuya alishakopeshwa mwaka 2021 kwenda Smash na akatembea vizuri na mapigo yake yote, kwa hiyo mwenye mali hana uchungu wa kumtoa. Wa pili namuweka Iori Yagami wa SNK, mlango ule bado uko wazi. Leon wa Resident Evil au Dante wa Devil May Cry ni wa Capcom wenyewe, mkataba hauhitajiki, lakini mpaka sasa Street Fighter 6 haijawaingiza ulingoni na mimi naona wanapenda watu wa ngumi, sio wa bastola.

Kinachonipunguzia uhakika ni mwaka wa tatu: Sagat, C. Viper, Alex, Ingrid, wote wa Capcom, hakuna mgeni. Na kuna kitu kingine cha kuangalia, mgeni anaweza kuja nusu. Agosti 2023 Ninja Turtles walikuja Street Fighter 6 kama mavazi tu ya kumvalisha yule mtu wako wa kujitengenezea, ulingoni hawamo, na bei ilikuwa kubwa mpaka watu wakapiga kelele. Kwa hiyo ukiona trela yenye jina kubwa soma vizuri, anapigana au ni nguo?

Elena naye sio mgeni ila ni wetu. Ni wa Kenya, yuko Street Fighter tangu 1997 na Street Fighter III, na amerudi Juni 2025 kwenye hii ya 6, anapigana kwa miguu mitupu, capoeira, mirefu ile miguu mpaka mpinzani akiwa mbali bado inamfikia. Watoto wa kike wanaokuja kibandani na kaka zao ukiwaonyesha Elena wanachukua padi wenyewe, hii nimeiona Mbeya na nimeiona Iringa.

Fatal Fury: City of the Wolves nitaipita haraka ingawa ina mgeni ambaye huku hakuna asiyemjua. Cristiano Ronaldo. Yumo kweli, anapiga mashuti, mpira unamgonga mtu usoni, na yumo tangu siku gemu inatoka, humnunui pembeni. Yupo pia Salvatore Ganacci, DJ. Watu walishangaa sana lakini ukirudi kwenye swali letu unaona njia yote: SNK inamilikiwa na taasisi ya MiSK ya Saudi Arabia, na Ronaldo wakati huo alishakuwa Al Nassr huko huko Saudia. Ni mfano mzuri kuliko wote wa kwamba mgeni anafuata mwenye mali. Lakini kwa kununua? Ronaldo atamvuta mtu wa mpira mara ya kwanza, atacheka, atapiga picha, na kesho atarudi kwenye mpira wake wa kawaida. Gemu yenyewe ni nzuri sana kwa anayejua ngumi na ni ngumu kwa mgeni wa kibanda. Nunua kama unaipenda SNK toka moyoni, na ukiipata ujue kwamba Ken na Chun-Li nao umewafikia kwa njia hiyo.

Kwa hiyo nani achukue nini. Mwenye kibanda cha PS4 anayetaka hela irudi, chukua Mortal Kombat 11, tafuta toleo la Ultimate kwa sababu linawajumuisha kina Rambo, RoboCop, Terminator, Joker na Spawn, uulize kabisa kama ile code ya ndani ya kasha, namba ya kuwafungulia wageni, haijatumika, na ujue tu kwamba gemu ina damu nyingi, watoto wadogo uwape TV ya mpira. Humo hakuna cha kutabiri, wageni wameshafika wote na huku wanajulikana kwa majina. Mwenye PS5 anayecheza na wakubwa wenzake, wanaokaa na gemu wakajifunza mapigo mwezi mzima, Tekken 8, na mgeni akija mchukulie ni nyongeza, wenyeji wanatosha. Mortal Kombat 1 ni ya mtu ambaye hataki kusubiri chochote, anunue toleo lililokamilika na Homelander na Ghostface wake, amalize.

Mwenye PS4 nyumbani, ambaye gemu hii ndo atakaa nayo miaka, mimi namwambia Street Fighter 6 bila kusita. Inakaa kwenye mashine aliyonayo, mlango wa wageni uko wazi na una mantiki, na hata mgeni asipokuja Elena yupo, Terry yupo. Usinunue pasi ya mwaka mzima kabla majina hayajatajwa. Nunua mtu mmoja mmoja, na pale wanapotoa tiketi za kumkodi mtu kwa muda mfupi mjaribu kwanza, shika padi, piga mechi kadhaa, ukiona mkono haumkubali hela yako bado iko salama.

Na bando la trela litunze kwa miezi mitatu. Mwezi wa sita ndo kina Terry na Mai walitangazwa kwenye Summer Game Fest, mwezi wa nane ndo Miary Zo alionekana kwenye mashindano ya Evo ya 2025, na mwezi wa kumi na mbili kuna The Game Awards. Kama Kazuya anakuja, tutamuona kwenye mojawapo ya hizo tatu.